Sherehe ya utamaduni Loiyangalani na watoto, nani ameshaenda anishauri?

Mama wa Donholm

Habari zenu wote, naomba ushauri hasa kutoka kwa wale wa kaskazini ama waliowahi kusafiri huko. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 10 mwingine 13, wamezaliwa na kukulia hapa Nairobi, baba yao mtu wa Kakamega mimi mtu wa Machakos, kwa nyumba ni Kiswahili tu. Ngoma za asili wanazijua kupitia simu na ile siku ya wazazi shuleni wanapovalishwa sketi za katani wakatikisa mabega dakika tano, tukapiga makofi tukaenda kula. Mimi nililelewa na nyanya na nimelala usiku mwingi nikisikia kilumi ikitoka ng'ambo ya mto, wamama wazee wakipiga ngoma mpaka karibu asubuhi, na inaniuma kwamba watoto wangu hawajawahi kusikia kitu kama hicho kikichezwa na wenyewe, mahali pake, bila mtu wa kushika saa.

Sasa nimesikia sana kuhusu hii sherehe ya Ziwa Turkana inayofanyika Loiyangalani, nje kabisa, jamii karibu zote za Marsabit zikiwa pamoja. Nataka kuwapeleka ikifanyika tena. Bwana yangu hajakataa lakini anauliza mbona tuende mbali hivyo na Bomas iko hapa Lang'ata. Maswali yangu ni haya: barabara ikoje kwa gari yenye watoto, joto la huko wataliweza kweli maana sisi huku mwezi wa sita tunalala na blanketi mbili, na la muhimu zaidi, ni sherehe ya watu wenyewe ama ni ya watalii na makamera? Nisije nikaendesha gari siku mbili nikaone kitu cha kupangwa.

Jirani wa Lang'ata

Dada karibu. Mimi niko upande wa bwana yako kidogo, lakini si kwa sababu ya umbali. Bomas ilianzishwa 1971 kazi yake ikiwa hiyohiyo, kuhifadhi ngoma na nyumba za jamii za Kenya, na kwa mtoto ambaye hajawahi kuona chochote ni mahali pazuri pa kuanzia maana kwa alasiri moja anaona tofauti ya Wakamba wanaoruka sarakasi, Wamijikenda na Waluhya, halafu anatoka nje anatembea kwa zile boma anaona nyumba ya mama mkubwa iko wapi na ya mama mdogo iko wapi. Piga simu kwanza lakini, kuna ujenzi mkubwa pale, usipange safari ya watoto kabla ya kuhakikisha maonyesho yako.

Kitu Bomas haiwezi kukupa ni hicho unachokitafuta, nakubali. Pale uko ndani ya ukumbi, umekaa kwa kiti, mchezaji mmoja leo anacheza ngoma ya Wagiriama na kesho ya Wanandi. Wanacheza vizuri sana na nawaheshimu, lakini ni kazi yao.

Halafu kama baba yao ni wa Kakamega mbona msianze na isukuti? UNESCO iliiweka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ngoma ya Waisukha na Waidakho. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya mnyama, na inachezwa kwa arusi, kwa mazishi, kwa mtoto kupewa jina. Hiyo ni ya damu yao, na mtu akiwa na arusi huko Shinyalu Desemba hamhitaji hata tiketi.

Binti wa Marsabit

Mama wa Donholm nimefurahi umeuliza hilo swali la mwisho kwa sababu ndilo watu hawaulizi, wanauliza tu hoteli. Mimi ni Mrendille, nafanya kazi hapa Nairobi, lakini huko ndiko kwetu, kwa hivyo niruhusu niandike kirefu.

Sherehe ilianza 2008. Watalii wako, makamera yako, siwezi kukuficha. Lakini elewa ni nini kinakutana pale. Kuna Waelmolo ambao ndio wenyeji wa ufuo, wavuvi, watu wachache sana, lugha yao ya zamani imekaribia kwisha na wengi sasa wanaongea Kisamburu. Kuna sisi Warendille na Wagabra wa ngamia, Wasamburu, Waturkana, Wadasanach kutoka Ileret huko karibu na mpaka wa Ethiopia, Waborana, Wasakuye, Wagarre, Wawaata, Wasomali, halafu Waburji na Wakonso ambao ni wakulima. Sasa wewe uliye Donholm unaona hiyo ni orodha ya majina tu. Sisi tunaona watu ambao baadhi yao wameuana. Mtu yeyote wa Marsabit anakumbuka kijiji cha Turbi, Julai 2005, watu wameuawa alfajiri na watoto wa shule wakiwemo. Miaka mitatu baadaye vijana wa jamii hizohizo wanaitwa mahali pamoja wavae vizuri, wajenge nyumba zao jirani, waimbiane. Kutangaza utalii ni sababu moja ya sherehe, lakini kuwakutanisha hawa watu ilikuwa sababu kubwa, na ukishajua hivyo utaangalia tofauti. Wewe na wanao mtakuwa wageni kwenye mkutano wa majirani, na mgeni anaweza kufurahi sana lakini si yeye aliyeitiwa mkutano.

Kitu kinachoonyesha hii ni zile nyumba. Kila jamii inajenga nyumba zake pale uwanjani, na ni wamama wanajenga. Waelmolo wanajenga kibanda cha mviringo cha makuti ya mkoma. Wagabra na sisi tunakuja na nyumba zetu zile za kubebwa na ngamia, miti imepindwa, mikeka na ngozi juu, mama anaifungua anaisimamisha bila msumari hata mmoja na akimaliza sherehe anaikunja inarudi kwa mgongo wa ngamia. Wapeleke watoto wako wakaone nyumba ikijengwa, wafike mapema siku ya kwanza ama hata siku moja kabla. Hapo hakuna kipaza sauti, hakuna jukwaa, na mama anayejenga akiona mtoto amesimama anaangalia kwa hamu atampa kamba ashike. Mimi naona hiyo inapita hata ngoma.

Na ngoma zenyewe, mchana jukwaani utaona kila kundi likipewa muda wake, wanaingia wanacheza wanatoka. Ni nzuri lakini imekatwa fupi. Subiri jioni. Jua likizama wale vijana hawaendi kulala, Waturkana wanaanzisha edonga, ngoma yao ya kuruka, huku upande wao, Wasamburu wanaruka kule, mtu wa jamii nyingine anakaribia anaangalia, mwishowe ameingia. Hiyo hakuna mtu ameipanga. Msilale saa mbili jamani, watoto wapumzike mchana wakati joto ni kali halafu mtoke nao usiku.

Kijana wa Roysambu

Mimi niseme ukweli wangu, hizi sherehe zinazosimamiwa na serikali huwa ni hotuba. Mnakaa juani masaa mnangoja mheshimiwa afike na ndege, akifika anaongea yeye, anaongea mwingine, anaongea na yule aliyemsindikiza, wachezaji wamesimama na rangi usoni jasho linawatoka. Nimeona hiyo kwa sherehe nyingi za kaunti na inanikasirisha sana kwa sababu wale wazee na wamama ndio walitoka mbali zaidi na ndio wanapewa dakika chache zaidi. Mama ukienda usiende ile siku ya wageni waheshimiwa.

Binti wa Marsabit

Kijana hapo sikupingi, hotuba zipo na ni ndefu. Ndio maana nimemwambia afike mapema na akae usiku. Wakati wa hotuba tembea, nenda makumbusho ya jangwani, iko juu ya kilima kidogo hapohapo Loiyangalani chini ya Makumbusho ya Taifa, ndani wameweka vitu vya jamii za eneo hilo na ukisimama nje unaona ziwa lote chini yako, maji ya kijani mpaka macho yachoke. Mtoto wa miaka 13 ataelewa vizuri sana akiona vile vitu kwanza halafu avione vikitumika uwanjani, kama kile kigoda cha Mturkana ambacho mchana anakikalia na usiku analaza kichwa ili nywele alizozitengeneza zisiharibike.

Dereva wa Kaskazini

Salamu zenu. Mimi nabeba wageni hiyo njia kwa hivyo nitaongea barabara tu.

Mama usijaribu kufika kwa siku moja na watoto. Toka Nairobi asubuhi sana, Nanyuki mnakunywa chai, Isiolo mnakula, hadi hapo ni lami. Lami inaendelea, hiyo ni ile barabara kuu ya Moyale, mnapita Archer's Post, Merille, mnafika Laisamis. Mkilala Archer's Post ama hapo karibu ni sawa, na kama pesa iko mnaweza kuingia mbuga ya Samburu watoto waone twiga na punda milia wale wenye mistari myembamba. Siku ya pili ndio kazi. Laisamis mnaacha lami mnakata kushoto, na kutoka hapo mpaka Sarima ni kilomita 208 za murramu ambayo ilitengenezwa upya na wale wa umeme wa upepo ili wapitishe mitambo yao. Zamani hiyo njia ilikuwa ya kulia. Sasa ni ndefu lakini inapitika, mnapita Ngurunit pale kwenye milima, mnapita South Horr kuna miti na maji, mpumzike hapo, halafu ghafla mnaona mitambo 365 imesimama jangwani inazunguka. Simamisha gari watoto washuke wausikie huo upepo, umeme unaotoka hapo unasafiri kwa nyaya mpaka Suswa ndio unaingia kwa gridi ya taifa, taa za kwenu Donholm ziko ndani. Ukitoka hapo ni mawe meusi ya volkeno mpaka ziwa litokeze, hapo endesha polepole sana, hayo mawe yanakata tairi kwa ubavu.

Gari: iwe ya juu, na spea mbili, sio moja. Probox iwache nyumbani. Jaza mafuta Isiolo na uwe na akiba. Kama mvua imenyesha milimani hata kama wewe hujaiona, ukifika laga, yaani mto mkavu, usiingie kama maji yanapita, ngoja, yanaisha yenyewe. Nimeona watu wakibishana na laga na sitaki kueleza mbele ya mama mwenye watoto.

Kuna njia nyingine ya Rumuruti, Maralal, Baragoi. Ni nzuri kwa macho lakini upande wa Baragoi huwa na shida za wizi wa mifugo, mimi na familia sipiti huko bila kuuliza polisi na wenyeji hali ya wiki hiyo. Na popote upitapo, tembeeni gari mbili ama zaidi.

Kuhusu tarehe, miaka mingi ilikuwa mwezi wa tano ama wa sita lakini hubadilishwa, usilipe kitu kabla kaunti ya Marsabit haijatangaza.

Mama wa Donholm

Asanteni sana, yaani nimesoma yote nikamsomea na baba yao. Hiyo ya wamama kujenga nyumba imenishika kabisa, sikuwa nimefikiria. Na isukuti tumekubaliana ni ya Desemba, hilo sitaliacha.

Nina mengine mawili. Binti, hiyo mambo ya picha inaendaje, maana mkubwa wangu ana simu na hawezi kupita kitu bila kukipiga picha. Na wale mnaojua muziki, nitawaandaaje watoto ili wasikae pale wakisema ngoma zote zinafanana? Maana nimewaonyesha video wakasema hivyo, na mimi sikuwa na jibu.

Mwalimu wa Kayole

Hilo la pili niachie mimi, nafundisha watoto ngoma za asili kwa ajili ya tamasha la muziki la shule, hilo tamasha lenyewe lina historia ya tangu 1927 na ndilo limefanya watoto wengi wa mjini waguse wimbo wa kwao angalau mara moja. Nakubaliana na wewe kuhusu zile dakika tano lakini usizidharau, kuna mtoto amefundishwa wimbo wa Kipokomo hapa Kayole na mimi na leo anauimba kuliko Wapokomo wenzake waliozaliwa mjini.

Kwanza waambie wasingoje mlio wa ngoma. Mtoto wa Mluhya na Mkamba masikio yake yanatafuta ngozi inayopigwa. Wasamburu na Waturkana hawana haja nayo, ngoma yao ni koo na miguu. Kuna sauti moja inatangulia, inaleta maneno, na hao wengine chini wanatoa pumzi nzito, hm, hm, hm, hiyo ndiyo inashika mapigo, halafu mguu ukitua chini wote pamoja unausikia kwa kifua. Waambie watoto wachague mtu mmoja wamsikilize yeye tu. Wamtafute anayeanzisha, waone akichoka nani anampokea. Wakishamjua huyo hawatasema tena zinafanana.

Pili, waambie waangalie wasichana wanafanya nini na shingo. Wavulana wanaruka kwenda juu na kila mtu anawaangalia wao, lakini zile shanga za shingoni zinaporushwa na mabega zinatoa mlio, na huo mlio uko ndani ya wimbo, si pambo tu.

Tatu, wajue kwamba wimbo una kazi. Wasamburu wakichota maji kwenye visima virefu vya mchangani, wanaume wanasimama mmoja juu ya mwingine wanapokezana ndoo wakiimba, kila familia na wimbo wake, na ng'ombe wanaujua wa kwao wanakuja. Mwambie mtoto hiyo halafu umuulize, huu wimbo anaousikia sasa ungefanya kazi gani? Amuulize mwimbaji mwenyewe. Wengi wanajua Kiswahili na wanapenda sana kuulizwa na mtoto.

Tena mimi natofautiana kidogo na Binti kuhusu jukwaa. Mtoto asiyejua anahitaji jukwaa, anahitaji kuona Wagabra halafu Waborana halafu Waturkana wakifuatana ili sikio lilinganishe. Usiku ni mtamu lakini usiku kila kitu kinachanganyika. Wapeleke kote.

Binti wa Marsabit

Mwalimu nimekubali, hasa hiyo ya shanga.

Picha sasa. Omba kwanza, kila mara, hata kama wengine wanapiga bila kuomba. Si lazima Kisamburu wala Kirendille, onyesha simu, inua nyusi, mtu akitikisa kichwa kukataa mshukuru upite. Mzee asipigwe akiwa amekaa anakula. Mtu aliyevaa rasmi kwa ngoma akisema anataka kitu kidogo usikasirike, ametembea kutoka mbali kwa gharama yake, lakini mimi naona ni vizuri zaidi ununue. Wamama wanauza shanga, vikapu vya mkoma, vibuyu, wanaume wanauza vigoda. Nunua kwa aliyetengeneza, usishindane naye sana bei, na beba pesa taslimu noti ndogo maana hata simu ikishika si kila mama ana namba ya M-Pesa. Na huyo mkubwa wako akipiga picha amuonyeshe aliyempiga. Wanacheka, wanaitana, hapo urafiki umeanza. Mpe sheria moja, mchana simu, usiku simu ibaki kwa begi.

Nguo: wewe na binti kama ni binti, leso na kitu cha kufunika mabega, jua linachoma na pia wengi wetu ni Waislamu na wazee wapo.

Joto: ni kali, sitakudanganya, mchana ni kivuli na maji tu, maji ya kunywa beba yenu ya kutosha kwa sababu ya ziwa yana magadi hayanyweki. Kuogelea waulize wenyeji kwanza wapi ni salama, mamba wako na si hadithi. Kama mna muda, nendeni kwa Waelmolo Layeni. Kijiji kingine, Komote, maji ya ziwa yalipanda miaka hii ya karibuni yakakizunguka, kikawa kisiwa na watoto wakaanza kuvushwa kwa mashua. Wanao wakutane na watoto wa huko, wataongea Kiswahili na watakuwa na mengi ya kuambiana.

Dereva wa Kaskazini

Niongeze moja kuhusu tenti kama mtalala kambini. Upepo wa Loiyangalani unashuka kutoka Mlima Kulal usiku, mchana unaweza kudhani mahali pametulia kabisa halafu usiku wa manane tenti inataka kuondoka na nyinyi. Msifunge na vile vijiti vya supermaketi, tumieni vyuma virefu na mweke mawe juu, na mjifiche nyuma ya ukuta ama mikoma. Ama mkodi vibanda vya wenyeji, vimejengwa na watu wanaoujua huo upepo na ndani kuna hewa kuliko tenti.

Mama wa Donholm

Basi tutakodi kibanda. Bwana yangu amekubali, anatafuta familia nyingine mbili tutembee gari tatu, mmoja wao ana Land Cruiser ya zamani. Binti swali la mwisho kabisa, nikimkuta mama anajenga na tumekaa naye pale, nimletee nini kutoka Nairobi?

Binti wa Marsabit

Majani ya chai na sukari, kilo mbili tatu hivi, na tumbaku kidogo kama kuna wazee. Pipi za watoto wacha kabisa, watakuandama na meno ya huko tayari yana shida ya maji. Ukimpa, mpe mkononi mkiwa mmekaa, usimpe ukiwa dirishani mwa gari. Atachemsha hiyo chai hapohapo na maziwa ya ngamia na atawapa nyinyi kwanza, mnywe, waambie watoto wamalize kikombe.